Muulize Fundi: mistari imejaa, intaneti haisogei

Barua za safari hii karibu zote ni malalamiko ya mtandao, na zile ambazo sio za mtandao ni za watu walioamini maandishi ya kwenye boksi. Nimezifupisha, maana kuna wengine mmeandika kurasa tatu kabla hamjafika kwenye swali, msinune.

Fundi habari za kazi. Natumia simu ya 4G, nikiwa chumbani mistari ya mtandao inajaa yote minne lakini video haichezi, inazunguka tu. Nikitoka uani mistari inashuka hadi miwili na hapo ndo intaneti inakimbia. Simu mbovu hii au nimerogwa? – Mistari Minne

Hujarogwa, na kwa maelezo yako simu ni nzima. Tatizo ni hiyo mistari, watu tunaiamini kupita kiasi. Hakuna kanuni ya kimataifa inayosema mstari mmoja ni nguvu kiasi gani, kila mtengenezaji anajipangia, ndo maana unaweka simu mbili mezani zenye laini za kampuni moja, hii inaonyesha mitatu ile minne, na zote zinapokea kitu kilekile. Mwaka 2010 Apple walipobanwa na kelele za iPhone 4 kupoteza mtandao ikishikwa vibaya, walikiri wenyewe kwamba hesabu yao ya mistari ilikosewa na mara nyingi simu ilikuwa inaonyesha miwili zaidi ya inavyostahili. Apple hao.

Ukitaka ukweli angalia dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi yanayoifikia simu. Kwenye Android ingia setingi, kuhusu simu, hali ya SIM, au piga \*#\*#4636#\*#\* ambayo kwenye simu nyingi inafungua ukurasa wa majaribio, kwenye iPhone piga \*3001#12345#\*. Utakuta namba yenye alama ya kutoa mbele. Kwa 4G inaitwa RSRP, ikiwa -80 uko pazuri sana, -100 unaishi, -110 umeanza kuhangaika, ikigusa -120 jua muda wowote unakatika. Na usiseme "aah tofauti ya 20 tu", kila desibeli 10 ni mara kumi, kwahiyo kati ya -85 na -105 kuna tofauti ya mara 100.

Sasa nguvu peke yake haitoshi, na hapa ndo wengi wanapotea. Kuna namba nyingine inaitwa SINR, hii inapima mawimbi unayoyataka dhidi ya kelele za minara mingine. Ni sawa na kuongea na mtu kwenye ukumbi uliojaa, anaweza kuwa na sauti kubwa kabisa lakini kama wote wanapayuka hushiki neno. SINR ikiwa 20 kwenda juu simu na mnara vinaweza kubeba biti 8 kwenye kila alama moja inayorushwa, ikishuka hadi karibu na sifuri vinarudi kwenye biti 2. Mistari haijabadilika hapo, lakini kasi imeshakatika vipande vipande.

Kesi yako lakini naona iko kwenye bendi, yaani kipande cha masafa ambacho simu na mnara vinatumia. Masafa ya chini kama 700 MHz (bendi 28) na 800 MHz (bendi 20) yanasafiri mbali na yanapenya ukuta, kwahiyo ukiwa chumbani simu inaning'inia hapo kwa sababu ndo inaposikia vizuri, mistari inajaa. Shida ni kwamba masafa hayo ni finyu, kampuni mara nyingi inapata MHz 10 tu kule chini, na kila mtu aliye ndani ya nyumba pamoja na wa mbali kabisa pembezoni mwa mnara wote mmebanana hapohapo. Ukitoka nje ukuta umeondoka, simu inaisikia 1800 (bendi 3) au 2600 (bendi 7), inafika imechoka kidogo, mistari miwili, ila njia ni pana, MHz 20, na watu hawajajaa. Umeelewa sasa kwa nini miwili inaishinda minne?

Hakikisha mwenyewe kabla hujatoa hela. Pakua programu ya NetMonster au CellMapper, zinaonyesha simu iko bendi gani, simama chumbani uandike bendi na SINR, toka nje uandike tena. Halafu pima kasi saa mbili usiku na upime tena saa kumi alfajiri sehemu ileile, kama alfajiri inapaa basi ni msongamano na hata ubadilishe simu mara ngapi utakuwa palepale. Kuwasha na kuzima hali ya ndegeni kunasaidia mara nyingine kwa sababu simu inajitoa kwenye mnara na kutafuta upya, inaweza kuangukia bendi nyingine. Kama intaneti ya nyumbani ndo shida kubwa, ruta ya 4G ikae dirishani upande wa mnara, uani kwako hapo panafaa kabisa, halafu chumbani utumie Wi-Fi. Zile stika za kubandika nyuma ya betri eti zinaongeza mtandao ni karatasi tu. Na vifaa vya kukuza mawimbi usifunge kienyeji, nchi nyingi vinahitaji kibali kwa sababu kikiwa kibovu kinavuruga mnara mzima.

Shikamoo mkuu. Nimenunua simu ya 5G na nembo ya 5G inaonekana karibu muda wote, ila kasi ni ileile ya zamani na betri inaisha mapema kuliko simu yangu ya 4G. Nimepigwa? – Nembo Tupu

Marahaba. Hujapigwa moja kwa moja, umeuziwa nembo kabla ya mtandao wenyewe.

5G ya kwanza kukamilishwa na 3GPP, hao ndo wanaoandika viwango, Desemba 2017, ni ile inayoegemea 4G. Yaani simu inajiandikisha kwenye 4G, mambo yote ya uendeshaji yanapita 4G, halafu 5G inaongezwa pembeni kwa ajili ya data pale inapopatikana. Ile inayosimama yenyewe ilikuja Juni 2018 na kampuni nyingi zimechukua muda mrefu kuifikia. Kwenye hii ya kuegemea, mnara wa 4G unatangaza kwamba hapa 5G inaweza kuwepo, na kuna simu zikisikia tu tangazo hilo zinaweka nembo hata kama muda huo kila kitu kinapita 4G. Ingia kwenye ule ukurasa wa majaribio nilioutaja juu, au NetMonster, kama huoni mstari wa NR (ndo jina la kifundi la 5G) wenye namba zake basi 5G hamna, kuna picha tu.

Na hata ikiwepo, swali ni bendi gani tena. Kampuni ikirusha 5G kwenye n28 (bendi 28 ileile, herufi n ni ya 5G) yenye MHz 10 haiwezi kuishinda 4G iliyounganisha bendi mbili tatu. Raha ya 5G iko kwenye n78, maeneo ya 3.3 hadi 3.8 GHz, ambako njia moja inaweza kuwa na upana wa MHz 100 wakati njia moja ya 4G mwisho wake ni 20. Hesabu yenyewe inajieleza. Zile za 24 GHz kwenda juu ndo zina kasi za kutisha kwenye video za maonyesho lakini ukuta unazikata, na hata kiganja chako kikiziba antena zinayumba.

Betri inaisha kwa sababu simu inahudumia redio mbili kwa pamoja, na kwenye eneo ambalo 5G inakuja na kuondoka inahangaika kuishika na kuiachia siku nzima. Mi ningekuwa wewe ningeweka 4G kwenye setingi na kuwasha 5G siku nina faili kubwa la kushusha.

Kaka yangu ameniletea simu kali kutoka Marekani. Laini inasoma, napiga simu vizuri, ila huku nilipo 4G inashika sehemu chache sana, kwingine inarudi 3G wakati wenzangu wana 4G. Fundi mmoja anasema anaweza kuiflashi ikakubali. – Zawadi Nusu

Usimpe simu huyo fundi.

Laini inasoma kwahiyo haijafungwa kwenye kampuni. Kilichopo ni kwamba simu nyingi zinatengenezwa kwa matoleo tofauti, jina moja kwenye boksi lakini ndani redio hazifanani. Toleo la Marekani linajali bendi 2, 4, 12, 13, 66, 71. Wewe ukienda kwenye nchi ambayo 4G ya mbali inapita bendi 20 au 28, simu haina masikio ya huko. Watu wanachanganyikiwa wakiona "700 MHz" pande zote mbili wakadhani ni kitu kimoja, kumbe bendi 12 mnara unarusha kati ya 729 na 746 MHz na bendi 28 unarusha kati ya 758 na 803, hata hazigusani. Hizo sehemu ambazo 4G yako inakubali bila shaka kuna bendi mnayokutana, labda 3 au 7.

Kuflashi kunabadilisha programu. Bendi inahitaji kichujio chake, kikuza mawimbi chake na antena iliyokatwa kwa masafa hayo, vitu vya kushikika kabisa kwenye bodi, na kama kiwandani hawakuviweka hakuna programu itakayoviotesha. Kuna simu chache ambazo vifaa vipo ila bendi imefungiwa kwa programu tu, lakini hiyo unaijua kwa kusoma namba ya modeli, ile ndefu yenye herufi mwishoni, sio kwa kubahatisha. Piga \*#06# upate IMEI, tarakimu 8 za mwanzo zinataja modeli kamili, tafuta modeli hiyo kwenye tovuti ya mtengenezaji uone orodha ya bendi zake. Halafu linganisha na bendi za kampuni yako. Hili zoezi lingefanywa kabla kaka hajalipia lakini ndo hivyo, zawadi haichaguliwi.

Nikiwa nashusha kitu halafu mtu akanipigia, 4G inapotea inakuja H au E, nikikata simu inakaa kama dakika nzima ndo irudi. Hata nikipiga zile kodi za nyota na reli kuangalia salio ni hivyohivyo. Kwa nini? – Nakatikakatika

Kwa sababu 4G ilibuniwa bila simu za sauti za kizamani. Ni mtandao wa data mwanzo mwisho. Ikija simu, mnara unaiambia simu yako "shuka 3G au 2G ukapokelee huko", na data inashuka nayo, ikishuka hadi 2G mara nyingi data inasimama kabisa mpaka umalize kuongea. Kodi za nyota na reli nazo ni za zama za GSM, yaani 2G, zinapita kwenye njia zilezile za zamani, kwahiyo simu inashuka ikazifuate.

Dawa inaitwa VoLTE, sauti inapita ndani ya 4G yenyewe kama data. Kaangalie kwenye setingi za SIM kama ipo na imewashwa. Ikiwepo utagundua mambo mawili, simu inaanza kuita haraka zaidi, na sauti inakuwa safi, maana simu ya kawaida inabeba masafa ya 300 hadi 3,400 Hz tu wakati ile ya hali ya juu inafika 7,000. Ndo maana kwenye simu za kawaida "s" na "f" zinafanana ukimtajia mtu herufi.

Kinachoudhi ni kwamba VoLTE haiji tu kwa sababu simu ina 4G. Lazima ndani ya programu ya simu kuwe na maelezo ya kampuni yako, na kampuni nayo iwe imeikubali modeli hiyo, kwahiyo simu mbili za bei moja, hii inayo ile haina. AT&T walipozima 3G yao Marekani Februari 2022, watu waliokuwa na simu za 4G zisizokubaliwa kwenye VoLTE walibaki na data lakini hawawezi kupiga. Kampuni nyingi duniani zinaelekea huko, kwahiyo ukinunua simu sasa uliza VoLTE kabla ya kuuliza 5G. Fanya sasisho la programu kwanza, wakati mwingine inatokea baada ya hapo.

Pawa benki imeandikwa 10,000 mAh, simu yangu ni 5,000 mAh. Si nilitakiwa nichaji mara mbili? Mbona inachaji mara moja na nusu hata haifiki? – Nusu Yangu Iko Wapi

Imepotea kihalali, nusu yako.

mAh bila volti ni namba isiyokamilika. Betri za ndani ya pawa benki zina volti 3.7, kwahiyo 10,000 mAh mara 3.7 ni Wh 37, yaani wati-saa, umeme wenyewe uliomo. Simu yako betri yake ni kama volti 3.85, 5,000 mara 3.85 ni Wh 19.25. Mpaka hapo 37 gawa kwa 19.25 karibu mara mbili kweli. Lakini umeme hautoki 3.7 ukaingia moja kwa moja, pawa benki inaupandisha hadi volti 5 au zaidi ili upite kwenye waya, halafu simu inaushusha tena ili uingie kwenye betri, na kila hatua kuna joto. Ukiishika wakati inachaji unalihisi, hilo joto ndo nusu yako. Ukibakiwa na asilimia 85 baada ya hatua ya kwanza na 90 baada ya ya pili unapata kama Wh 28, gawa kwa 19.25 unapata mara moja na karibu nusu. Sawasawa na ulivyoona. Geuza pawa benki usome yale maandishi madogo, nyingi zimeandika kiasi halisi kinachotoka, kitakuwa kama 6,000 hivi kwa volti 5. Wakweli wanaandika, ila kwa herufi za kusomea na lenzi.

Wanaonichosha ni wa 50,000 mAh kwenye kiboksi cha mfukoni. Hapo mizani inatosha. Betri moja ya duara ya aina ya 18650 iliyo nzuri kabisa inabeba kama 3,500 mAh na ina uzito wa gramu 45 hadi 50. Ili ufike 50,000 unahitaji betri 14 au 15, zaidi ya gramu 600 kabla hujahesabu boksi na bodi. Ukiinua kwa vidole viwili rudisha. Ingekuwa ya kweli pia ingekuwa Wh 185, na mashirika ya ndege mpaka wa kawaida ni Wh 100, na uiweke kwenye begi la mkononi, sio lile la kupakia.

Fundi, naandika SMS fupi tu lakini nakatwa kama nimetuma mbili. Nikiandika hivyohivyo kwenye simu ya mke wangu inahesabiwa moja. – Mbili kwa Moja

Hili swali nimelipenda. SMS moja ina baiti 140, hiyo ndo nafasi iliyopatikana kwenye njia za mawasiliano ya ndani za GSM tangu mwanzo, kabla hata ya ile SMS ya kwanza ya Desemba 3, 1992. Baiti 140 ni biti 1,120. Ukitumia alfabeti ya GSM kila herufi inachukua biti 7, unapata herufi 160. Lakini ukiweka alama moja tu isiyokuwemo kwenye alfabeti hiyo, ujumbe mzima unahamia mfumo wa biti 16 kwa herufi, unabaki na 70. Sio ile alama peke yake inayohamia, ni ujumbe mzima. Ukizidi hapo zinagawanywa, na kila kipande kinakatwa kidogo ili kubeba maelezo ya kuunganisha, 153 au 67.

Emoji wengi wanajua. Wasichojua ni ile ritifaa ya kwenye ng'. Ukiandika ng'ombe au king'amuzi kwa ritifaa iliyonyooka ipo kwenye alfabeti ya GSM, hamna shida. Lakini kuna kibodi za simu zinajifanya zina adabu, zinaibadilisha kuwa ile iliyopinda, na iliyopinda haimo. SMS ya herufi 90 yenye ng'ombe mmoja tu inakuwa mbili. Zima alama za uakifishaji za kujibadilisha kwenye setingi za kibodi, kuna simu zina pia chaguo la kubadilisha herufi ziwe za kawaida ndani ya setingi za SMS. Bila shaka ya mke wako iko hivyo.

Nimehamia simu mpya, nikaskani ile QR ya eSIM niliyopewa mwanzo, inakataa. – Bila Laini

QR hiyo kwa kampuni nyingi ni ya kutumia mara moja. Inashusha wasifu wa laini kwenye chipu ya simu moja, na kuufuta kwenye simu ya zamani hakuirudishi QR iwe mpya. Omba nyingine kwa kampuni yako, au tumia njia ya kuhamisha eSIM ya simu kwa simu kama zote mbili na kampuni wanaikubali. Na wewe unayesoma hapa ukiwa unataka kuuza simu, hamisha laini kwanza kabla hujafuta chochote.

Kati ya simu yenye RAM 8+8 na kamera 108 MP, na nyingine RAM 8 na kamera 50 MP ila wanasema ina OIS na UFS, ipi nichukue? Bei ni moja. – Njia Panda

Ya pili bila kufikiria.

Ile +8 sio RAM. Ni kipande cha hifadhi kilichoazimwa kikaitwa RAM. RAM ya LPDDR4X kinadharia inafika GB 34 kwa sekunde, hifadhi ya eMMC 5.1 ambayo bado inawekwa kwenye simu za bei ya chini mwisho wake ni MB 400 kwa sekunde, zaidi ya mara 80 nyuma. Kwahiyo programu ikisukumwa huko inarudi kwa kukokota, na kila kuandikwa kunaichakaza hifadhi. Faida yake ni ndogo, labda programu moja mbili hazianzi upya ukirudi. Mi naizima. UFS waliyokutajia kwenye simu ya pili, hifadhi yenye kasi kuliko eMMC, ndo kitu utakachokihisi kila siku, programu kufunguka, picha kutokea, simu kuwaka, hasa baada ya mwaka mmoja hifadhi ikiwa imejaa jaa.

Kamera ya 108 kwa kawaida haikupi picha ya 108. Inaunganisha pikseli tisa kuwa moja inatoa 12, ile ya 50 inaunganisha nne inatoa 12.5. Zinafikia palepale. Kinachotofautisha ni ukubwa wa sensa yenyewe, lenzi, na hiyo OIS ambayo inaitikisa lenzi kufidia mkono wako usiku. Kama ile ya kwanza ina kamera nne ujue mbili kati ya hizo mara nyingi ni za 2 MP, zimewekwa kuhesabiwa.

Nina kebo tatu za USB-C, zote zinafanana, moja inachaji haraka, moja taratibu, moja haihamishi video kwenda kompyuta. Si wote walisema C imemaliza matatizo? – Kebo Tatu

Imemaliza umbo. Umoja wa Ulaya wameilazimisha kwa simu zinazouzwa kwao tangu Desemba 28, 2024, lakini ndani ya umbo hilo kila mtu anaweka waya anaotaka. Kebo nyingi zinazokuja na simu zinahamisha data kwa 480 Mbps, kasi ya USB 2.0 ya mwaka 2000, hata iPhone 15 ya kawaida tundu lake ni hiyohiyo wakati 15 Pro inafika 10 Gbps. Kwa chaji, kebo ya kawaida mwisho ni ampea 3, yaani wati 60, kuzidi hapo lazima iwe na kachipu ndani kanachojitambulisha kwamba inaweza ampea 5. Na kama simu yako inatumia chaji ya haraka ya kampuni yake yenyewe, kebo nzuri ya nje inaweza kukupa polepole kwa sababu tu haijui lugha yao.

Isiyohamisha kabisa ina nyaya za umeme tupu. Ifunge uzi mwekundu uibebe safarini, kwenye matundu ya chaji ya hadharani hiyo ndo salama kuliko zote.

Kwa nini spika yangu inanguruma "tititi tititi" sekunde chache kabla simu haijaita? Ya mwenzangu haifanyi. – Spika Mtabiri

Simu yako iko 2G muda huo, ya mwenzako iko 4G. Kwenye GSM simu hairushi mfululizo, inapewa nafasi moja kati ya nane, inarusha inanyamaza inarusha inanyamaza, kila milisekunde 4.6, ambayo ni kama mara 217 kwa sekunde. Masafa ya 900 MHz huwezi kuyasikia, lakini kuwaka na kuzima mara 217 kwa sekunde ni mlio kabisa wa kusikika na masikio, na nyaya za spika zinageuka antena zikaudaka. Nguvu nayo ni kubwa, inaweza kufika wati 2 kwa kila mpigo kwenye 900, wakati simu ya 4G kwa kawaida mwisho wake ni wati 0.2.

Inatabiri kwa sababu mnara unaiita simu na simu inajibu kwa kurusha kabla kengele haijalia. Isogeze mita moja tu itanyamaza, au ufupishe waya wa spika. Na kama inatokea kila mara ukipigiwa wakati simu yako ni ya 4G, rudi juu kasome jibu la Nakatikakatika, huenda VoLTE yako imezimwa au haipo.